Albamu Isiyotaja Mtu

"Mama Wekesa, nimekuja kuuliza jambo moja tu," Odongo alisema, akiegemea mlango wa jikoni kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. "Jina langu liko kwa wimbo wa ngapi?"

Nakhumicha alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. Tangu wiki ianze Odongo alikuwa amekuja kuuliza jambo moja tu, na kila mara lilikuwa hilo hilo.

"Nyimbo bado hazijaisha, Bwana Odongo."

"Najua. Ndiyo maana nauliza mapema. Wa mwisho sitaki. Wimbo wa mwisho watu huwa wameshalala ama wameshalewa. Mimi niweke katikati. Na usiseme Odongo tu, Odongo ni wengi hapa Manyatta. Sema Odongo wuod Ahero, mwana wa Ahero, mwenye kisiagi. Donge, si ndiyo?"

"Nimesikia."

"Umesikia, ama litasemwa?"

Nakhumicha alimwomba Mungu amwongezee uvumilivu, maana wake mwenyewe ulikuwa umebaki kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi. "Litasemwa," akajibu. Odongo akaenda zake akipiga mluzi, na unga ukabaki kwenye mlango mahali alipoegemea.

Kosa lilikuwa la Nakhumicha mwenyewe, na alilijua. Binti yake wa mwisho, Valarie, alikuwa ameimba miaka minne katika hoteli moja ya kando ya ziwa, wageni wakila samaki. Nyimbo zake hazikuwa za kucheza wala za kanisani. Zilikuwa za mapenzi za polepole, na nyingine zilizotoka kwenye michezo ya jukwaani ya Wazungu wa zamani, na zile za jazi ambazo kila mwimbaji wa dunia ameziimba kwa namna yake na bado hazijachakaa. Aliyempigia piano alikuwa Shakir, kijana mpole wa hapa hapa mjini, kwao ni nyuma ya msikiti. Sasa hoteli ilikuwa imeamua kuleta dijei. Shakir alikuwa amepata kazi Kigali na basi lake lilikuwa la Jumamosi jioni. Piano ya umeme ilikuwa ya hoteli, ingerudishwa siku hiyo hiyo. Kama nyimbo hazingenaswa kabla ya hapo, Valarie angebaki na miaka minne ya kuimbia watu wanaotafuna, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kusema kesho kwamba aliwahi kusikia.

Walikuwa wamejaribu studio ya mjini. Mwenye studio, mtu wa ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, na nyimbo za injili, aliwasikiliza kidogo, akasikitika, akawawekea ngoma. Valarie akasema watoe. Akawawekea nyingine. Ndipo Shakir akasema wangenasa wenyewe kwa kompyuta yake, nyumbani kwa mama, mradi pawe na kimya.

Kimya! Hapo ndipo Nakhumicha alipoingia. Kuta za nyumba yake ni nyembamba, na Manyatta haijawahi kunyamaza tangu iumbwe. Alizunguka kwa majirani mmoja mmoja. Odongo alikubali kuzima kisiagi, mashine yake ya kusaga unga, kila alasiri. Zeituni, anayeuza mapazia ya mitumba katika soko la Kibuye, alileta mapazia mazito na magodoro, sebule nzima ikavikwa mpaka ikafanana na tumbo la kondoo, na majogoo wake akawafungia ndani ya kikapu. Mchungaji Waliaula aliwaazimisha maikrofoni nzuri ya kwaya, akahamisha na mazoezi ya kwaya yenyewe. Wote watatu alitaka kuwapa kitu kidogo, na wote watatu walikataa.

"Pesa ya nini kati ya majirani?" Odongo alikuwa amesema. "Nitaje tu."

Na Nakhumicha akawaahidi wote watatu, tena kwa moyo mweupe. Huku kwetu muziki bila majina ya watu ni kama harusi isiyo na mgeni. Aliyemnunulia mwanamuziki nyuzi za gitaa hutajwa. Aliyempa mahali pa kulala hutajwa. Wajaluo wana neno lake, pakruok: gitaa hushuka chini, mtu husifiwa kwa jina na kwao na ng'ombe wa babu yake, kisha gitaa hupanda tena. Hata kwaya yao ya kanisani, waliponasa nyimbo, mwishoni walimshukuru mchungaji na mkewe na mtu wa kamera. Nakhumicha alidhani nyimbo zote za dunia zina mlango huo. Hakujua kwamba kuna nyimbo zilizojengwa bila mlango.

Jioni hiyo ya Alhamisi, baada ya Odongo kuondoka, aliingia sebuleni akapenya katikati ya mapazia. Valarie alikuwa amelala chali kwenye godoro la Zeituni, akipumzisha koo. Shakir alikuwa akifuta piano.

"Valarie, lile neno la majina umelifikiria?"

"Majina gani, Mama?"

"Ya majirani. Odongo, Zeituni na mchungaji. Niliwaahidi."

Valarie aliketi. "Uliwaahidi nini?"

"Kutajwa. Si ni kitu kidogo?"

"Mama, wimbo wenyewe una miaka zaidi ya themanini. Aliyeutunga amekufa. Wote waliouimba wa kwanza wamekufa. Odongo wa kisiagi nimwingize wapi?"

"Katikati. Amesema katikati."

Shakir aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtetemeka. Valarie hakucheka.

"Sikiliza, Mama. Katika nyimbo hizi kuna watu wawili tu. Mmoja anaimba, mwingine ameenda. Hakuna jirani."

"Hawana majirani? Na mmoja akifa, nani anamzika?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Watu gani hao wanaolia kila siku na hakuna mtu wa kuwaletea hata chai?"

Valarie alilala tena, akajifunika uso kwa pazia. Nakhumicha alitoka akiwa amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba hakupata wa kumlaumu.

Asubuhi ya Ijumaa Zeituni alikutana na Shakir dukani akamuuliza jina lake limekaaje ndani ya muziki. Shakir hakufundishwa kudanganya. Alimwambia hakuna majina, ni nyimbo tupu. Zeituni akasimama kwa Odongo kusaga mtama wake wa uji, na habari ikabaki huko. Alasiri ilipofika, wakati Valarie anavuta pumzi kuanza wimbo wa mwisho uliokuwa bado haujanaswa, kisiagi kiliwaka.

Kisiagi cha Odongo hakiwaki kwa adabu. Kwanza hukohoa, halafu hunguruma, halafu vikombe vyote kabatini huanza kuzungumza. Nakhumicha alivaa ndara akavuka uwanja. Alimkuta Odongo mweupe mpaka kwenye nyusi, akimimina mahindi ambayo hakuna mteja aliyeyaleta. Alikuwa akisaga mahindi yake mwenyewe, kwa hasira.

"Bwana Odongo! Tulisema nini?"

Odongo alizima. Kimya kikawa kikubwa kuliko kelele. "Wewe niambie tulisema nini, Mama Wekesa. Mimi nimefunga injini siku tatu. Wateja wamebeba debe zao wakaenda kwa yule wa Kondele. Sikulalamika. Dorca mke wangu ameniambia mimi ni mjinga, sikulalamika. Niliomba kitu kimoja."

"Ni jina tu, Odongo. Watu wote wa Manyatta wanakujua."

"Jina tu?" Alijifuta uso, unga ukahama kutoka shavu hili kwenda lile. "Mafuriko yalipobeba kisiagi changu cha kwanza kule Ahero, nilikaa juu ya paa la shule na redio ndogo. Nikasikia wakisema mali ya watu imeharibika. Mali ya watu! Watu gani? Mimi nilikuwa pale na jina langu. Mama, mimi siimbi, sina kitabu, sijajenga kanisa. Nikifa, nani atasema nilikuwepo? Hata sauti ya mtoto wako inatosha."

Nakhumicha alirudi nyumbani akisema moyoni, Bwana, mbona hukuniumba bubu.

"Valarie," akasema, akisimama mlangoni na ndara miguuni, jambo ambalo huwa anawakataza wengine. "Tangu baba yenu afariki nimekaa na hawa watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimesema uongo. Sitaanza leo kwa ajili ya nyimbo za kilabu. Neno langu limetoka, halirudi. Tafuta mahali."

Valarie alimtazama, na macho yake yalikuwa ya baba yake akikataa kubishana. "Mnataka majina," akasema polepole. "Sawa. Mtapata majina."

Odongo alipopelekewa habari, akaapa injini haitawaka tena alasiri hiyo. Wakafanya kazi alasiri yote. Nakhumicha alikaa nje juu ya ndoo akizuia dunia isipige kelele: alimfukuza muuza maji, akamnyamazisha fundi wa viatu, akawatishia kunguru kwa ufagio. Ya ndani hakuyasikia, na hata angeyasikia, Kiingereza chake ni cha darasa la saba, na darasa lenyewe ni la zamani.

Jua lilipoanza kulegea, upepo wa ziwa ukija na harufu yake ya magugu-maji, aliwaita wote watatu uwanjani wasikie. Alitoa viti na chai na viazi vitamu. Mchungaji Waliaula alikuja na koti lake la mazishi na harusi. Zeituni alikuja akiwa amepaka hina. Odongo alikuja ameoga, na watu wakamtazama mara mbili kabla ya kumtambua. Nyuma yake alikuja Dorca, mwanamke mpana mwenye maneno machache, akaketi kwenye ngazi na beseni la mboga za kuchambua, maana alikuwa amekuja kumsindikiza mume, si kusikiliza upuuzi.

Shakir aliweka spika dirishani. Wimbo wa kwanza ulianza taratibu, piano ikitembea kama mtu aliyechoka. Ulikuwa wimbo wa mlevi mmoja aliyekaa baa mpaka viti vimepinduliwa juu ya meza, hataki kwenda nyumbani, anamsihi mwenye baa ampe glasi moja ya mwisho. Nakhumicha hakulijua hilo bado. Alijua tu kwamba sauti ya mtoto wake ilikuwa nzuri mpaka akaona haya. Kisha, mahali pa jina la mwenye baa, sauti ikasema wazi: *Pastor Waliaula*.

Mchungaji aliweka kikombe chini. "Mama Wekesa."

"Naam, Mchungaji. Umejisikia?"

"Nimejisikia. Katika huu wimbo mimi ndiye ninayemimina pombe."

"Unamimina nini?"

"Glasi ya mwisho. Ameniomba kwa jina. Na inaonekana nimekuwa nikimimina tangu jioni."

Nakhumicha alitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Manyatta haijawahi kusikiliza mtu. Kabla hajaomba msamaha, wimbo wa pili ulikuwa umeshaanza, wa jukwaani, wenye kurukaruka: msichana amepata gauni jipya anazunguka mji mzima akilionyesha. Msichana akaitwa Zeituni. Zeituni halisi akapiga kigelegele. "Rudia hapo! Wallahi ni mimi! Mapazia yangu ndiyo yameimba!" Nakhumicha akapumua. Angalau mmoja.

Halafu ukaja wa tatu, ule wa mwisho kunaswa. Huo haukurukaruka. Mwanamke amekaa dirishani, usiku umekuwa mrefu, anamwita mtu wake arudi. Piano ilisogea pembeni, ikamwachia nafasi. Na ndani ya nafasi hiyo, kwa sauti ya chini, yenye joto, iliyovutwa kama uzi wa asali, Valarie akasema, "*Odongo*."

Hakuna aliyetafuna. Akalisema tena, mara hii akilipandisha na kulishusha, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akitafuta ukuta kwa mkono. "*Oh, Odongo.*"

Odongo alikosea kitu kimoja tu. Alifumba macho akatabasamu.

Beseni la mboga liligonga ngazi. "Odongo," Dorca alisema. "Fungua macho."

"Ni muziki tu, mama."

"Nimesema fungua macho." Akamgeukia Nakhumicha. "Mama Wekesa, mimi nakuheshimu. Huyu mtoto wako anamtaka mume wangu?"

"Dorca! Mungu apishe mbali! Ni shukrani, kwa sababu ya kisiagi!"

"Ya kisiagi?" Dorca alisimama, na alipokwisha kusimama uwanja ulikuwa mdogo. "Mimi Kizungu sijui. Lakini pumzi naijua. Hiyo si pumzi ya kushukuru mtu kwa unga. Mimi nimekaa na huyu mwanamume miaka ishirini na sita, nimemzalia, nimemtoa juu ya paa la shule kwa mtumbwi, na sijawahi kumwita hivyo hata siku moja. Kwanza ningemwita hivyo, angefikiri naumwa."

"Mama Akoth," Valarie alisema kutoka dirishani, akimwita Dorca kwa jina la mtoto wake, "nilisema hizi nyimbo hazina nafasi ya jirani. Mimi nilisema."

"Basi mtoe! Mtoe leo! Hiyo kitu ikienda kwa redio, nitapita wapi sokoni Kibuye? Watu wataniuliza, Dorca, huyu anayeliliwa si ni wako?"

"Sitolewi," Odongo alisema.

"Nini?"

"Nimesema sitolewi. Nimetajwa, nimetajwa. Nikitolewa, kesho kisiagi kinawaka asubuhi mpaka jioni. Kesho ni Jumamosi, watu wanasaga ya wiki nzima. Tuone huyo piano atasikika wapi."

Wakaondoka, yeye mbele, Dorca nyuma, na majirani wa upande ule walisema baadaye kwamba nyumba hiyo haikula jioni. Mchungaji aliaga kwa upole uliomuuma Nakhumicha kuliko matusi. "Maikrofoni mkae nayo," alisema. "Jina langu nitaomba nirudishiwe."

Kulipopambazuka Zeituni naye alikuja, hana kigelegele. Alikuwa amemuuliza Shakir wimbo unasema nini hasa, na ikawa yule msichana wa gauni jipya analionyesha kwa wanaume wote wa mji, mmoja baada ya mwingine. "Mume wangu Hemedi anaendesha lori la Busia," alisema. "Akisikia hayo njiani, atageuza lori barabarani. Mama Wekesa, nitoe. Mapazia kaa nayo bure, lakini nitoe."

Ya mchungaji na ya Zeituni hayakuwa na shida. Nyimbo hizo mbili zilikuwa zimenaswa mapema juma hilo zikiwa safi, na Shakir alizirudisha kwa kugusa tu. Wa dirishani ndio haukuwa na nakala nyingine. Ulinaswa mara moja, na mara hiyo moja Odongo alikuwa ndani yake. Basi la Kigali lilikuwa la jioni. Na kisiagi, bila kungoja kuona kama jina litatolewa, kiliwaka watu wakiwa bado wanapiga mswaki.

Nakhumicha alikaa jikoni, mikono mapajani. Akitaka kulinda neno lake kwa Odongo, anavunja nyumba ya Dorca. Akitaka kuhifadhi nyumba ya Dorca, hakuna kimya, na bila kimya hakuna wimbo, na Valarie alikuwa ameshasema kwamba bila huo hatoi albamu, maana ndio nguzo yake. Alifungua Biblia akaifunga tena. Alijua itamwambia apende majirani, na hilo ndilo lililomfikisha hapa.

Saa nane kisiagi kikazima ghafla, bila kukohoa.

Alitoka mbio. Kwenye mlango wa kisiagi Dorca alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki, na juu ya mapaja yake, umekunjwa kama nyoka aliyelala, ulikuwa mkanda wa injini. Wateja walikuwa wamesimama na debe zao, hakuna aliyethubutu kuuliza. Odongo alikuwa upande wa pili, mikono kiunoni.

"Dorca, leta mkanda."

"Njoo uuchukue."

Odongo alitazama mkanda, akatazama mahali ulipo, akaamua kungoja.

"Mama Wekesa!" Dorca aliita. "Mwambie huyo mtoto aimbe. Aimbe bila mtu. Mimi niko hapa."

Valarie hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimvuta mama yake mkono mpaka ndani ya mapazia, akamketisha kwenye kigoda nyuma ya mlango. "Leo hukai nje. Kaa hapa usikie mwenyewe kwamba hakuna mtu, usije ukaniletea kesi nyingine. Na tafadhali, Mama, usikohoe. Tuna nafasi ya mara moja, labda mbili."

"Mimi ndiye wa kuambiwa ninyamaze? Mimi niliyewafunga midomo Manyatta nzima?"

"Shakir, anza."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Nakhumicha kuwa ndani wakati wa kuimba. Ukiwa nje sauti huja na kunguru na pikipiki. Ndani ilikuja peke yake. Maneno yalikuwa mepesi kuliko alivyodhani, hata darasa la saba liliyafikia: dirisha, taa, usiku, rudi. Alijiambia ni wimbo wa kilabu tu. Akaanza kuhesabu pete za pazia ili asisikilize sana.

Lakini leo ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya mumewe marehemu. Mumewe alikuwa fundi wa injini ya feri kule Luanda Kotieno, na Jumamosi ndiyo alirudi nyumbani, nguo zikinuka dizeli na samaki. Hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa akikohoa mara moja karibu na dirisha, na Nakhumicha ndani anajua, anainua sufuria kutoka motoni. Hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa akikaa kwenye dirisha lile tangu saa kumi. Hayo hayakuwa maneno ya mwanamke wa kwao kumwambia mumewe. Hata jina lake hakuwahi kulitamka. Mke hamwiti mume jina.

Wimbo ulifika pale pa jana. Piano ikasogea pembeni, nafasi ikafunguka, na Valarie, kama alivyotakiwa, hakuweka mtu. Aliiacha tupu.

"Baba Wekesa," Nakhumicha alisema.

Hakukusudia. Mdomo ulijiendea wenyewe. Na hakulisema kwa asali wala kwa ngazi. Alilisema kama anavyosemeshwa mtu ambaye chakula chake kiko tayari na anakaribia kuchelewa.

Vidole vya Shakir havikusimama. Valarie alimtupia mama yake jicho ambalo lingekausha kisima, lakini koo halikumwacha, akaimba mpaka mwisho, na sauti ikawa na kitu ambacho jana haikuwa nacho. Noti ya mwisho ilififia ndani ya mapazia. Shakir akagusa kompyuta.

"Mama!"

"Najua."

"Siku nne! Siku nne unafukuza kunguru!"

"Nimesema najua! Rudieni. Rudieni upesi, sasa hivi, mimi natoka nje."

"Yawa, jamani," sauti nzito ilisema kutoka dirishani. Ilikuwa ya Dorca, na ilikuwa na machozi ndani yake. "Mama Wekesa, umemwita mzee. Nimesikia. Hiyo ndiyo pumzi sasa."

Nakhumicha alifunua pazia. "Dorca, uko hapa? Na mkanda uko na nani?"

"Nimeuacha kwa kiti. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu kama ametoka kweli."

"Umeuacha kwa kiti?"

"Nani ameitwa?" Huyo alikuwa Odongo, kutoka upande wa pili wa ua. "Dorca, umesema nani ameitwa?"

"Baba Wekesa."

Odongo akashika kiuno. "Yaani mimi niliyezima injini nimetolewa, na wa nyumbani kwake ameingizwa? Asiyezima chochote? Marehemu?"

"Bwana Odongo, ngoja!" Nakhumicha alipiga kelele. "Ilikuwa bahati mbaya, tunarudia!"

Lakini alikuwa akizungumza na mgongo; Odongo alikuwa ameshauchukua mkanda. Injini ilikohoa, ikanguruma, na vikombe kabatini vikaanza mazungumzo yao. Nje wateja walishangilia, wakainua debe zao.

Shakir alitazama saa yake. Akachomoa waya wa kwanza, akaukunja, akachomoa wa pili. Valarie alikaa chini kwenye godoro, kichwa mikononi, na mwanzoni Nakhumicha alidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa na watu wa kwao.

"Basi ndiyo hiyo," Valarie alisema kwa sauti ya juu ili asikike. "Albamu nzima haina mtu isipokuwa Baba."

"Itoe! Kompyuta si inaweza?"

"Haitoki, Mama," Shakir alisema. "Iko ndani ya sauti yake. Ukiitoa hiyo, unamtoa na yeye."

"Na kanisani nitasema nini? Kiongozi wa akina mama, katika nyimbo za kilabu!"

"Sema ni mume wako," Shakir akajibu, akifunga piano ndani ya blanketi.

Nakhumicha alitoka. Alivuka uwanja kwa hatua ndefu, bila ndara, akasimama mbele ya mlango wa kisiagi ndani ya wingu la unga. Odongo alimwona, akaweka mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa: hasikii kitu. Hakuzima. Nakhumicha alimtazama vizuri akahakikisha kwamba kweli hasikii. Akageuka, akawatazama wateja, nao walikuwa wameziba masikio.

Basi akafungua mdomo. Mwanamke ambaye tangu abatizwe hajawahi kumwita mtu hata mjinga alimwambia Odongo wuod Ahero yote aliyokuwa ameyabeba tangu Jumatatu, moja baada ya lingine, kuhusu kisiagi chake na nyusi zake na mluzi wake na mgongo wake anaouegemeza kwenye milango ya watu. Akamwambia na ya mchungaji, na ya Zeituni, na ya hoteli iliyoleta dijei. Akamaliza, akaona bado ana pumzi, akaanza upya. Odongo alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, akidhani anaombwa msamaha.